Pipa Tupu la Fusi

Volkano ilipomwaga majivu kwenye kisiwa chetu huko Tonga, sisi tunaoishi Brisbane, Australia, tulikusanyika kanisani tukajaza mapipa nguo za kutuma nyumbani kwa meli. Mimi nilitia hata makoti ya baridi. Fusi, mfua mashuka wa hospitali, alimpigia kwanza simu dada yake aliye kisiwani kumuuliza wanahitaji nini, kisha akaleta kanisani pipa jipya lenye bomba, tupu kabisa.

"Shoga, hata soksi huna?" nikamtania.

"Wameomba pipa," akajibu.

Meli ilipofika kisiwani, dada yake alipiga simu nikiwa nimemtembelea Fusi kazini, naye akaiweka kwenye spika.

"Majivu yameharibu matangi yote. Makoti tumezibia madirisha. Maji ya mvua tunakinga kwenye pipa lako, Fusi. Kijiji kizima kinakunywa kwako."

Nilimtazama Fusi. Alikuwa anakunja mashuka.