Kadi ya Mtumbwi wa Shangazi Kunigunda

Wendelin wa Kihagara, kijiji cha kando ya ziwa, alikuwa na mwandiko mzuri kiasi kwamba hata Afisa Utamaduni, bwana mmoja aliyehamishwa kutoka Tanga na asiyesifu kitu chochote cha ziwani, aliusifu. Basi kijiji cha ujamaa kilipoamua kuligeuza ghala kuukuu liwe makumbusho, ukatibu ukamwangukia yeye. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za kuomba misaada. Aliomba mwaka mzima, akapata kufuli moja na ndoo ya chokaa.

Mwishowe ikaja barua ya maana. Wafadhili wa ng'ambo wangetoa mabati na saruji, ila kwanza waje waone vitu ambavyo ni mali ya makumbusho yenyewe. Vya kuazima havihesabiki.

Makumbusho yenyewe yalikuwa na vyungu vitatu na ngoma iliyotoboka! Wendelin akamkumbuka shangazi yake Kunigunda, mjane, na mtumbwi aliouchonga marehemu mumewe. Shangazi hakuwa akivua. Aliwaazima wavuvi, nao wakirudi walimletea fungu la usipa, vile visamaki vya ziwani. Fungu hilo ndilo lililokuwa mboga yake, na likizidi, ndiyo chumvi na sabuni.

"Nakuazima, baba, nisingemwazima mwingine," alisema shangazi. "Ni kwa siku ngapi?"

"Wiki mbili tu, shangazi."

Alisema hivyo huku akijua kwamba hautarudi. Siku ile ile alikata kadi akaandika kwa ule mwandiko wake: ZAWADI YA KUNIGUNDA. Shangazi, ambaye hakujua hata a, alimwomba amsomee.

"Inasema, Umeazimwa kwa Kunigunda."

Shangazi akacheka kwa furaha, jina lake ukutani!

Wageni wakaja, wakapiga picha, mabati yakafuata. Wiki mbili zikawa miezi saba. Kila Jumamosi shangazi alifika na ndoo ya maji kuulowesha mtumbwi, maana mtumbwi ukikauka hupasuka. Hakuuliza unarudi lini. Wendelin alimfungulia mlango akiangalia kwingine, kwa kuwa alishasikia kwamba shangazi anakula ugali kwa chumvi.

Kisha likaja vuguvugu la kisomo. Shangazi, na umri wake wote ule, akajiandikisha darasa la watu wazima kwa mwalimu Bonifasia. Jumamosi moja aliweka ndoo chini, akapeleka kidole kwenye kadi.

"Za. Wa. Di." Akageuka. "Wendelin, si ulisema umeazimwa?"

Hapo ndipo angeweza kusema kweli, akapumzika. Mdomo wake ukamtangulia.

"Umekosea, shangazi. Maandishi ya mkono yanasumbua. Bado hujazoea."

Shangazi aliitazama kadi, akautoa mkono upesi kama aliyegusa chungu cha moto. "Nilijua tu. Kichwa hiki kimeshazeeka. Unisamehe, baba, nimekushuku bure."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Wendelin akauitikia.

Shangazi hakuja tena. Baada ya majuma mawili mwalimu Bonifasia alipita ofisini. "Shangazi yako amerudisha kitabu changu. Na ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Amepatwa na nini?"

"Sijui, mwalimu."

Jumapili hiyo kanisani, watu walipokwenda kukomunika, Wendelin alibaki kwenye benchi akijua hastahili. Alipotoka alipita makumbusho. Mtumbwi ulikuwa na ufa mrefu ubavuni. Hakuna aliyeumwagia maji, na yeye, mtoto wa wavuvi, hakuinua hata kikombe. Akabandua kadi, akaenda.

Shangazi alikuwa uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu." Alipopewa kadi alimrudishia. "Nisomee wewe. Mimi kusoma sikujaliwa."

"Imeandikwa zawadi," alisema Wendelin. "Ulisoma sawasawa. Nilikudanganya siku ile, na nilikudanganya tangu mwanzo, ili tupate mabati. Na mtumbwi umepasuka."

Akangoja kutukanwa. Aliyatamani matusi, yangempunguzia mzigo. Shangazi aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaichukua kadi. Alipeleka kidole herufi kwa herufi, bila haraka, mpaka mwisho wa jina lake.

"Kumbe nilikuwa najua," alisema, akaanza kulia.