Kiti cha Pweza Aliyekataa Kutoka Kwenye Ndoo

Safari hii ilianza na barua. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana elimu ya viumbe wa baharini hapa Tanga, na nimezoea kupata barua za kuomba vitabu. Hii haikuomba kitabu. Iliandikwa na Mwalimu Kalinga, mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Ubaruku, Mbarali, mkoani Mbeya. Alisema miaka yote ya kazi yake amemchora kiti cha pweza ubaoni kwa chaki: mnyama wa mikono mitano, hana kichwa, hana damu, na mkono ukikatika anaotesha mwingine. Wanafunzi wa mwaka huu wamemwambia wazi kwamba hawasadiki. "Wananiuliza kama nimewahi kumwona," aliandika. "Sijawahi. Hata bahari sijaiona. Muhula huu ukiisha nastaafu. Nisaidie nisiondoke naitwa mwongo."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Siku hiyohiyo nilimpigia simu nikamwahidi kumletea kiti cha pweza aliye hai.

Alfajiri ya Jumatatu tukaondoka Tanga, mimi na dereva wetu, Bwana Shekue. Nyuma ya gari tulikuwa na viti vya pweza watano kwenye ndoo ya maji ya bahari, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na dumu moja la maji hayohayo kwa akiba. Bwana Shekue aliendesha kama aliyebeba mayai. Kila tuta alinitazama kwenye kioo: "Wazima?" Nami nikajibu, "Wazima." Tulipofika Morogoro nilimwomba aulize mara moja tu kwa saa.

Jioni tulipanda mlima Kitonga nyuma ya malori, na nilipofungua dirisha baridi ikanipiga usoni. Mtu wa Tanga akiona moshi unatoka kinywani mwake mwenyewe anaanza kufikiria wosia. Tukafika Ilula, ambako nyanya zimepangwa kandokando ya barabara kwenye ndoo na matenga. Hapo ndipo tulipolala, nyumbani kwa Mama Neema, muuza nyanya, dada yake Mwalimu Kalinga wa tumbo moja.

"Kamwene!" alitusalimu kwa Kihehe, akitupokea kwa mikono miwili. "Karibuni sana. Mgeni wa kaka yangu ni mgeni wangu." Alitupa maji ya moto ya kuoga, ugali, mboga za majani na blanketi tatu kila mmoja. Ndoo niliiweka kwenye kona ya sebule. Nilimwambia tu kwamba ni mizigo ya shule, nikaenda kulala.

Asubuhi blanketi zilinichelewesha. Nilipotoka nilimkuta Mama Neema amechuchumaa mbele ya beseni, uso umejaa furaha.

"Mwanangu, ile maji yenu ilikuwa imeharibika," alisema. "Inanuka, halafu ina chumvi! Nimeonja. Nikasema hawa wadudu wa watu watafia kwangu. Nimewaosha, nimewawekea ya bomba, safi kabisa."

Nilichungulia. Viti vya pweza wanne walikuwa wamelala kwenye maji meupe yanayong'aa, wamelegea. Nilimgusa mmoja na sikuona hata kijiguu kimoja cha chini ya mikono yake kikitikisika.

"Mama, umewaua!" Nilipaza sauti, tena ndani ya nyumba yake, baada ya kula chakula chake. Bwana Shekue aliangalia sakafu. Mama Neema alishika upindo wa kanga yake. Kisha akauliza polepole, "Sasa kaka yangu itakuwaje?"

Nilikuwa nikimwona Mwalimu Kalinga amesimama mbele ya darasa lake na mgeni aliyekuja na ndoo tupu.

"Ila kuna mmoja alikataa kutoka," akaendelea. "Kaidi huyo! Ameng'ang'ania kwenye ndoo, nimevuta mpaka nimechoka. Nikamwacha na maji yake kidogo, nikasema nitamalizana naye baada ya chai."

Nilikimbilia ile ndoo. Alikuwepo, mdogo kuliko wote, amejibana karibu na chini, na maji ya bahari yaliyobaki yalimfunika kwa shida. Bwana Shekue alileta dumu la akiba akikimbia. Tulipokuwa tunaondoka, Mama Neema alitutilia nyanya garini, nami kwa aibu nikashindwa kumtazama.

Tulipita Iringa mjini na Mafinga bila kusimama. Makambako tulikunywa chai tukiwa tumesimama, mkono mmoja kikombe, mwingine mfuniko wa ndoo. Baada ya Igawa joto la Usangu likaanza, nikaifunga ndoo kwa kanga niliyoilowesha. Bwana Shekue alirudia kuuliza "Mzima?" kila baada ya dakika kumi, na safari hii sikumkataza.

Saa tisa alasiri tuliingia Ubaruku, kati ya majaruba ya mpunga na kelele za mashine za kukoboa. Mwalimu Kalinga alikuwa mlangoni mwa darasa, mtu mfupi, amevaa koti na tai kwenye joto lile. Ubaoni alikuwa amechora kiti cha pweza mzuri sana. Nilimhamishia mgeni wetu kwenye beseni jeupe pamoja na maji yake, wanafunzi wakasogea.

Hakutikisika.

"Plastiki hiyo, madam," alisema kijana mmoja. Mwingine akadakia, "Sir, zipo nyingi Kariakoo!" Darasa likacheka. Mwalimu Kalinga alifuta chaki mikononi kwa suruali yake, akatabasamu tabasamu la mtu anayetafuta mlango.

Hata mimi sikuwa na uhakika tena. Nilimchukua nikamlaza chali, tumbo juu. "Akiwa hai atajigeuza mwenyewe," nikasema. "Asiguse mtu."

Tukangoja. Nilitegemea makelele, lakini vijana hawa wamekulia mashambani kuamia ndege wasile mpunga, na kukaa kimya huku jicho likiwa mahali pamoja ni kazi wanayoiweza kuliko sisi. Muda ukapita. Kisha ncha ya mkono mmoja ikajikunja, ikapapasa, ikashika sakafu ya beseni. Ikafuata ya pili. Mwili mzima ukainuka taratibu, ukasimama wima kidogo, ukapinduka.

Darasa lililipuka. Yule kijana wa plastiki ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mwalimu Kalinga hakupiga kelele. Alichovya kidole kwenye maji, akaonja, akakunja uso. "Kumbe kweli ina chumvi," alisema, macho yamejaa machozi. Wanafunzi wote wakapanga foleni kuonja, na binti mmoja akauliza maji ya majaruba yao huenda wapi. Nikamchorea ubaoni Ruaha inavyoingia Rufiji, na Rufiji inavyoingia baharini. Nilifundisha mpaka jua likashuka.

Njiani kurudi nilimwomba Bwana Shekue asimame Ilula. "Mama, nisamehe," nikasema hata kabla ya salamu. "Wewe uliwaonea huruma wanyama wangu. Kosa ni langu, sikukwambia kuna nini ndani."

"Kaka amenipigia," alijibu. "Analia kama mtoto, ananiambia amejipindua, amejipindua! Hebu nimwone huyo kaidi." Akainama juu ya ndoo, mikono ameifunga nyuma asije akakosea tena. "Mimi nilikuwa nakuvuta, baba. Ahsante kwa kukataa."

Nimefundisha miaka mingi nikidhani somo linaanza darasani. Sasa nafungua ndoo mlangoni, mbele ya yeyote anayenikaribisha, na kumweleza kabla sijavua viatu.

Yule kaidi nilimrudisha baharini siku ya pili baada ya kufika, nikampiga picha akizama, nikamtumia Mwalimu Kalinga. Naye alinitumia picha ya ubao wake. Wanafunzi walikataa mchoro kufutwa. Chini yake, kwa mwandiko wake, alikuwa ameongeza neno moja: Nimemwona.