Siku Mama Alipomnyonyesha Mtoto wa Ng'ambo

Wajukuu wangu hawapendi harufu ya kibuyu kinachosuguliwa ndani kwa kijiti cha moto. Wanasema kinanuka jivu. Mimi harufu hiyo ikinifikia, hata nikiwa njiani kwenda Litein, husimama. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonukia: moshi wa senetwet, mti tunaotumia kutayarisha vibuyu vya maziwa, na siagi aliyojipaka mabegani. Nikiwa mdogo nilidhani akina mama wote wananukia hivyo. Aliyenionyesha kwamba sivyo ni mtoto mchanga wa Kisii.

Nitawasimulia kama nilivyoona, maana nilikuwa nimekaa mbele. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini, nami nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Nzige walikuwa wamepita, wakala mpaka nyasi za mapaa. Boma letu lilikuwa chini ya Litein, karibu na kijito kilichotutenga sisi Wakipsigis na Wakisii. Huko juu Wazungu walikuwa wakifyeka msitu wapande chai, na baba alikuwa mmoja wa vibarua wao. Kazini alikata gogo moja na Wakisii na kula nao posho ya sufuria moja. Akirudi nyumbani mwisho wa mwezi, hakuthubutu kuvuka kijito. Vijana wa pande mbili walikuwa wameibiana ng'ombe na watu wakafa. Mmoja wa waliokufa alikuwa mjomba wangu, ndugu wa pekee wa mama.

Soko la wanawake pale kijitoni likafungwa. Zamani sisi tulipeleka maziwa na ngozi, wao wakaleta wimbi na vyungu. Sasa wimbi letu lilikuwa tumboni mwa nzige, na lao lilikuwa ng'ambo. Tulikula mnavu asubuhi na jioni, mpaka leo siutaki.

Wazee wakakutana, wakazungumza siku nyingi. Mkuu wa wilaya akaleta karatasi, wakaitia vidole gumba. Lakini kwao karatasi haikutosha. Desturi ilitaka kila upande utoe mama mmoja mwenye mtoto anayenyonya, wabadilishane watoto na kuwanyonyesha mbele ya watu wote. Waliokwisha kunyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawachomani mikuki. Mtoto akikataa ziwa, hakuna mapatano, na hakuna soko.

Mzee alipokuja kumwomba mama, ambaye alikuwa akimnyonyesha ndugu yangu Kiprono, alimkuta anakamua ng'ombe.

"Mmekosa mwingine?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Wapo. Lakini watu wa ng'ambo wamesema aje mmoja wa waliofiwa."

Mama alikamua mpaka chuchu ya mwisho, akafunika kibuyu, akauliza, "Ni kesho?"

Siku ile pande mbili zilikaa ukingoni, mikuki imelazwa nyasini. Mama wa Kisii aliitwa Kerubo, mwanamke mrefu aliyejitanda shuka ya kijivu. Walikutana katikati ya kijito, maji yakiwafika vifundoni, wakapeana watoto bila kutazamana usoni.

Kiprono alilidaka ziwa la Kerubo kama mtu ambaye hajala tangu mavuno. Nyanya yangu, kogo, akafunika uso. "Mtoto huyu ametuaibisha! Watadhani hatumlishi!" Watu wakacheka, hata wa ng'ambo.

Kicheko kilikatika upesi. Binti wa Kerubo alisogezwa kifuani kwa mama, akanusa, akapiga yowe. Mama akajaribu tena. Mtoto akajikunja kama upinde, akageuza uso. Kelele zote zikaisha, ikabaki sauti ya maji na kilio kile. Mzee mmoja wa Kisii akasimama. Kijana mmoja wa kwetu akatazama mkuki wake, nami nikamwona.

Ndipo Kerubo, Kiprono akiwa bado amemng'ang'ania, akasema kwa maneno ya sokoni, "Wewe mama, unanuka moshi!"

"Na wewe unanuka chungu!" mama akamjibu.

Kerubo akaivua shuka yake kwa mkono mmoja na kumtupia. Mzee wetu akaruka. "Hayo hayamo katika desturi!"

"Mzee, umewahi kunyonyesha?" kogo akamuuliza. "Basi kaa chini."

Mama akajitanda shuka, akamfunika nayo mtoto. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kisha kikanyamaza. Shuka ikaanza kutikisika kidogo, na watu wakajua ananyonya. Mama akauma mdomo, machozi yakamtiririka. Wanawake wa pande zote mbili wakalia pamoja naye, wakisema anamlilia ndugu yake na sasa amesamehe. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi.

Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, nikapata ujasiri wa kumuuliza: "Mama, siku ile uliwasamehe waliomuua mjomba?"

Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Kusamehe? Yule mtoto alikuwa na meno mawili! Aliniuma nikaona nyota. Lakini ningemtoa ziwani, nani angenielewa? Wangesema Wakipsigis wamevunja mapatano."

Akaokota kikapu, akaongeza, "Kusamehe kulikuja baadaye, polepole, siku za soko. Kerubo akinipunja kipimo cha wimbi, nami nikimtilia maji kwenye maziwa."

Siku hizi nikisikia redioni kwamba wakubwa wa nchi yetu na wa nchi jirani wamepeana mikono baada ya kukorofishana, wajukuu huniuliza kama sasa wanapendana. Hilo silijui, wala silioni kuwa kubwa. Mimi hutaka kujua ni nani pale mezani ameng'atwa na hajapiga kelele.