Wimbo Mpya wa Komanda Bushira

Ukipanda Bugeshi leo, kwenye mashamba ya viazi chini ya volkano, utamkuta mwanamume mrefu akibeba magunia. Huyo ni Munyakazi. Kabla ya kulikimbia ziwa, alikuwa mwimbishaji hodari kuliko waimbishaji wote wa mwaloni kwetu Gisenyi. Siku hizi watu wanasema ameingiwa na kichaa cha kuogopa maji. Waongo wakubwa! Hawakuwepo. Mimi Nyiraneza, au Mama Mwiza, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, nilikuwepo, na leo nasema.

Sambaza havuliwi kwa mtumbwi mmoja. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, na wapiga kasia wakipishana kidogo tu, kila kitu kinakwenda mrama. Kwa hiyo lazima waimbe. Mmoja anauliza, wote wanajibu, na kasia linaingia majini kwenye jibu. Mvuvi wa hapa ukimuuliza kwa sauti ile, mdomo unajibu kabla akili haijaamka. Munyakazi ndiye aliyekuwa akiuliza. Mwanawe Egide alijibu kwa sauti kuliko wote, na baba yake alimpenda kwa ajili hiyo.

Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa utani. Zamani walipiga kasia na kijana mmoja wa ng'ambo ya mpaka, jina lake Bushira. Siku moja ziwa lilichafuka, Bushira akajificha chini ya nyavu akimlilia mama yake. Munyakazi akatunga palepale: "Mawimbi ikikuja?" Wote wakajibu: "Bushira iko chini ya filet!" Bushira mwenyewe alicheka mpaka machozi. Kwetu mtu akitaniwa ni wetu.

Baadaye wenye bunduki walichoma nyumba ya mama yake huko kwao, mama akiwa ndani. Bushira akaingia msituni, na hakuna aliyemlaumu, hata mimi. Lakini alipotoka huko alikuwa Komanda Bushira, kiongozi wa mapinduzi, mkombozi wa wanyonge. Akaanza kuchoma nyumba za mama wa wengine. Ukombozi gani huo, jamani? Wanyonge aliowaua ndio hao hao aliodai kuwakomboa.

Mwaka jana Munyakazi alilala na malaria, Egide akaimbisha badala yake. Asubuhi mkondo ukawasukuma ng'ambo, nao wakawa wanaimba ule ule wimbo wa Bushira, vichwa maji kabisa! Boti ya injini ikawafikia. Askari wa Bushira walimpiga Egide kwa kitako cha bunduki mpaka meno yakamwagika kwenye samaki. Rutagengwa, mpiga kasia wa nyuma, aliruka majini aogelee. Walimwacha afike mbali kidogo, kisha wakampiga risasi huku wakicheka. Egide wakabaki naye, wengine wakarudishwa na ujumbe: aliyetunga wimbo aje mwenyewe, la sivyo mtoto atachinjwa.

Kampire, mke wa Munyakazi, alianguka mlangoni kwangu kama gunia. "Mama Mwiza, we unajua kusema na wakubwa. Nenda naye. Uniletee mutoto wangu." Ni kweli mimi nimekulia Karagwe, Kiswahili changu kimenyooka, na ulimi wangu hauogopi mtu. Nikafunga kitenge nikaenda. Vijana wawili walituvusha, na Munyakazi alikuwa bado anatetemeka kwa homa.

Kambi ilikuwa juu ya kilima. Langoni mwanamume alikuwa amefungwa kwenye nguzo, mgongo umechunika kwa fimbo, nzi wamemjaa. Hakuna aliyemtazama. Bushira alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Nilimkumbuka vizuri, nilishampa viazi vitamu vya kuchoma akiwa na njaa. Nikaanza: "Afande, mwanangu, wimbo ni utani tu wa..." Sikumaliza. Mlinzi alinipiga ngumi ya sikio, hadi leo halisikii vizuri. Na huo ndio ukawa mwisho wa Kiswahili changu kilichonyooka.

"Muzee Munyakazi," akasema Bushira, taratibu tu, "mi sina shida na wewe. Lakini nchi mupya haiwezi kuongozwa na mutu anachekwa. Askari wangu wanaimba ile kitu kisogoni. Nimepiga, nimeua, bado wanaimba. Donc utatunga ingine, hapa, mbele yao. Ile mupya ikiingia, ya zamani itakufa. Halafu unabeba mutoto wako, munaenda nyumbani."

Yezu wangu! Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote. Nilidhani tumepona, na Munyakazi pia alidhani hivyo. Alipiga magoti akasema, "Asante, mon commandant."

Askari wakakusanywa uwanjani, na wengi wao walikuwa watoto wa ziwa, nilizijua sura zao. Egide akaletwa, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya nyavu, mdomo umevimba. Alipomwona baba yake alicheka na lile pengo lake. Bado alikuwa mtoto, yule. Sweta aliyofumiwa na Kampire ilikuwa imekauka damu.

Munyakazi akawafundisha. "Mi nitauliza: Adui wakikuja? Nyinyi mujibu: Bushira iko mbele yao!" Wakajaribu, wakapata. Wakarudia, ikapendeza. Bushira akaanza kugonga mguu chini, uso wake ukalegea, na kwa kitambo nilimwona yule kijana wa zamani. Egide naye alijibu, meno hana, lakini sauti ilikuwa ile ile.

Basi wakanogewa, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Mabega yakaanza kwenda mbele na nyuma, kila mmoja anavuta kasia ambalo halipo. Munyakazi naye homa ikamtoka, mwendo ukapanda kama wakati wa kuvuta nyavu. Akauliza kwa nguvu zake zote: "Adui wakikuja?" Uwanja mzima ukajibu: "Bushira iko chini ya filet!"

Weee! Hakuna aliyekusudia, naapa kwa kaburi la mama yangu. Midomo ilijiendea yenyewe. Askari mmoja mmoja wakaziba midomo kwa viganja, wakamwangalia mkubwa wao.

Bushira akasimama. Akawatazama safu kwa safu, na kila aliyemtazama alikuwa na bunduki mkononi. Nilimwona akihesabu hatari yake. Waliojibu ni wote. Aliyefungwa mikono alikuwa mmoja.

Alipoanza kutembea kuelekea kwa Egide, Munyakazi alielewa kabla yangu. Alitambaa kwa magoti akashika buti lake. "Afande, ni mi nilikosea! Piga mi, mon commandant, piga mi!" Bushira akautoa mguu wake, bila hata kumpiga teke. Akampiga Egide risasi ya kifua, mtoto akaanguka. Akamwongeza ya pili shingoni, damu ikaruka mpaka kwenye kitenge changu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo nitakalomchukia kwalo mpaka naingia kaburini. Mwenye hasira angalau amekuona.

Akarudisha bastola kiunoni, akaketi, akasogeza kiti kidogo kwenye kivuli.

"Tuendelee," akasema. "Uliza, muzee."

Munyakazi akanitazama mimi, akawatazama wale vijana wawili waliotuvusha. Mitutu ilikuwa tayari imetugusa visogoni. Visigino vya mwanawe vilikuwa bado vinaparua udongo.

Akauliza. Tukajibu sote, na safari hiyo hakuna aliyekosea.