Wimbo wa Odongo wa Paya ulioitwa wa mapepo: niliyoyakuta kwa mama yake

Wakuu, salamu kutoka mpakani. Nimesoma humu vijana wakisema lyrics za rock ya zamani zilikuwa za kishetani. Nimechoka kubishana, nitasimulia tu nililoliona, bila chumvi. Chumvi nilikuwa nauza, najua bei yake.

Miaka ya sitini, baada ya uhuru, nilikuwa dalali Busia. Ng'ombe, baiskeli, mabenchi ya kanisa, chochote chenye mnunuzi.

Upande wa Uganda kulikuwa na bendi ya magitaa ya umeme. Mwimbaji aliitwa Odongo, Mjopadhola wa kijiji cha Paya, Tororo. Wimbo wake mmoja uliwashinda watu:

"Nimekula, kula.
Nimevuka, vuka.
Nimeoga, oga."

Neno la kwanza kwa kelele, la pili chini kabisa, kama anambembeleza mtu. Katekista akasema anaita mapepo. Walevi wakasema bangi.

Akaja bwana mmoja wa santuri kutoka Kisumu, akataka kuurekodi. Odongo alikuwa anaililia santuri kuliko mke. Shida ni kwamba upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu, wimbo ulikuwa mara mbili ya hapo.

"Toa hayo majibu ya chini," yule bwana akasema.

"Hayatoki," Odongo akajibu, bila kueleza.

Nikaingia kazini. "Ndugu yangu, majibu tuyaweke upande wa pili wa santuri. Kila mtu apate."

Akafikiri sana. "Hiyo tukamuulize mama."

Tukaendesha baiskeli hadi Paya. Mama yake, muuza muhogo, akatupikia kuku na ugali wa wimbi. Mbele yangu sahani moja. Mbele ya Odongo mbili, sawasawa, paja kwa paja. Nikauliza nani anakuja.

"Opio," mama akasema.

Wakuu, huku kwetu Opio na Odongo ni majina ya mapacha, wa kwanza na wa pili. Mwaka mzima namwita mtu Odongo, na sikuwahi kuuliza mwenzake yuko wapi.

Opio aliondoka wakiwa wadogo. Pale nyumbani hawakusema amekufa. Walisema ameruka, maana pacha hasemwi amekufa, na hawakumlilia. Kila alichopata aliyebaki alimgawia papo hapo, asije mwenzake akanuna: nimekula, nawe kula.

Bado nikajaribu. "Mama, upande wa pili ni mzuri tu. Santuri ni ileile."

"Nasikia zote pamoja?" akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Hapana, mtu anageuza."

"Basi Opio nangoja mpaka mtu nageuza?" Akacheka kidogo. "Na kama hiyo mtu nachoka, nalala?"

Mimi niliwahi kumuuzia mwalimu baiskeli isiyo na breki. Kwa mama yule nikavuta sahani yangu. Nikala.

Tulipokaribia Busia Odongo akasimamisha baiskeli. "Mwambie yule bwana aende zake."

Yule bwana akafungasha mashine, akaenda kurekodi bendi nyingine. Jumamosi Odongo akauimba wote, juu na chini. Watu walicheza. Mimi nilikaa, nasikiliza ile sehemu ya chini.

Nilichojifunza: ukikuta maneno ya wimbo huyaelewi, kabla ya kumtaja shetani, uliza kwao mwimbaji nani hayupo.

Wenye mapacha nyumbani, hasa wa Tororo na Samia, nirekebisheni. Wengine bisheni tu, nitasoma macho yakishapumzika.

Ila msiombe link. Wimbo ule hakuna aliyeunasa.