Sauti ya Dada Zuwena Dukani Mkunazini

"Nirudie toka mwanzo?" aliniuliza fundi Rajabu, na mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikamjibu, "Rudia." Laiti ningelimeza neno hilo moja, msimu ule wote ungebaki mtamu katika kumbukumbu zangu. Hata leo nikinusa mafuta ya mashine najiona nimesimama tena ndani ya duka lake la saa, Mkunazini, baada ya sala ya alasiri. Saa zimejaa ukutani, kila moja inakwenda mwendo wake, na kutoka nje inaingia harufu ya karafuu zilizoanikwa, nzito kama usingizi.

Kinanda chetu cha santuri baba alikuja nacho kutoka Bombay. Santuri zake zilikuwa vibomba vya nta, kila kimoja ndani ya mkebe wake, na ajabu yake ni kwamba kiliweza pia kuchukua sauti ya mtu na kuihifadhi. Alasiri moja, ghorofani, katika chumba cha wanawake, dada yangu Zuwena aliinamia tarumbeta ya kinanda akaimba wimbo aliokuwa akimbembelezea mdogo wetu. Alikuwa na miaka kumi na saba, ameposwa na kijana wa mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini. Alikuwa amemwona mara moja tu, kupitia upenyo wa dirisha, akampenda, na tangu siku hiyo alitembea nyumbani kama mtu anayekanyaga pamba. Baba aliisikiliza ile nta mpaka mwisho, akatabasamu, kisha akasema, "Sauti hii haishuki ngazi." Nilimwelewa vizuri sana. Kwetu, mgeni mwanamume akipiga hodi mlangoni, dada hakumwitikia. Mimi ndiye niliyekimbia kushuka kumjibu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sauti ya Zuwena ilikuwa siri ya nyumba yetu.

Msimu wa kuchuma karafuu ulipofika, baba akaenda shamba, na kinanda kikanyamaza. Nta ilizunguka kama kawaida, lakini hapakutoka sauti. Tulikaza springi, tukabadilisha vibomba, tukapuliza tarumbeta tukidhani mende kaingia. Mama alitega sikio akasema anasikia kama mtu anayenong'ona chini ya mto. Mwishowe akamwita mchukuzi akibebe mpaka kwa fundi, akanipa mimi vibomba viwili vya kujaribia. Mama alipogeuka, nilitia na cha tatu, cha Zuwena, kwa sababu ndicho nilichokipenda kuliko vyote.

Fundi Rajabu hakuwa na haraka. Alifungua kichwa cha kinanda, akakitazama kile kioo cha ndani, chembamba kama ganda la kitunguu. Kilikuwa kizima. Akaipitisha sindano kwenye ukucha wake. Nayo ilikuwa nzima. Kisha akapapasa kipande cha mpira kilichounganisha kichwa na tarumbeta, akacheka peke yake. Kwa chini mpira ulikuwa umepasuka kwa joto, na sauti yote ilivujia hapo. Akakata mpira mpya, akaufunga kwa uzi, akasema, "Nipe nta unayoijua vizuri. Sikio lisiloijua sauti halijui kama imepona."

Nikampa cha Zuwena.

Maneno machache tu yalitoka, safi kama maji ya kisima, na fundi akainua sindano. "Kimepona. Nani huyu anayeimba?"

"Wa huko huko Bombay," nilisema.

Barazani, mbele ya duka, walikaa wanaume watano sita wakinywa kahawa. Mmoja wao akapaza sauti, "Basi huyo wa Bombay kakijulia wapi Kiunguja? Hebu rudia, fundi, tumsikie!" Wakacheka. Hapo ndipo fundi aliponigeukia kuniuliza. Nilikuwa nimevimba kwa fahari, kana kwamba mimi ndiye niliyekiponya kinanda.

Wimbo ukapita wote. Kahawa ziliachwa zikapoa. Nakumbuka mzee mmoja alifumba macho, na kwa muda mfupi nilihisi mtaa mzima unaelea. Nilisahau kabisa kwamba mwishoni, siku ile ghorofani, nilinyoosha kidole kugusa nta, na Zuwena akacheka na kusema, "We Sefu! Toa mkono wako hapo!" Tarumbeta ikayatoa hayo pia, kicheko na jina. Wanaume wote wakanitazama. "Sefu si huyu?" akauliza mmoja, taratibu. Miongoni mwao alikuwapo ami yake yule mchumba. Aliweka kikombe chini, akavaa makubadhi yake, akaondoka bila kuaga.

Kabla ya Ijumaa posa ilivunjwa. Walituma mwanamke mmoja aje kusema hawaoi nyumba ambayo sauti za mabinti wake huchezwa barazani. Zuwena alinikuta nimejificha nyuma ya mlango. Hakunipiga. "Nshachoka kulia, Sefu," aliniambia. "Ulikuwa hujui, au ulijua?"

Nikasema, "Nlijua."

Wahenga husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, lakini aliyekula ni yeye peke yake.

Siku hizi wajukuu zangu wa kike huimba harusini, vipaza sauti vikisikika mitaa mitatu, na watu huwapigia makofi. Mmoja ameshaimba redioni, na mumewe aliwaita majirani waje wasikilize. Nami hufurahi nao, kweli hufurahi. Wakati mwingine natamani kuzitupia lawama desturi za zamani, lakini desturi hizo nilizijua siku ile kama nilivyojua njia ya chuoni kwetu kwa kusoma Kurani, na fundi aliniuliza kwanza. Baada ya posa ile hakuja mwingine kutoka mjini. Dada yangu aliozwa Chwaka, kwa mtu mzima aliyekuwa na wake wawili, mtu ambaye Zuwena hakumtaka. Alifariki huko kwa uzazi wa pili, hajatimiza miaka ishirini na mitatu.