Kahawa ya Longino kwenye Shamba la Nazario

Gaudensia alikuwa na mdomo, na hilo hata mapadri walilijua. Katika soko la Gashoho, mkoani Muyinga, Burundi, alikouza dagaa na chumvi, mtu alikuja kununua chumvi ya kijiko akaondoka jua limeshahama, amesimuliwa maisha ya Gaudensia yote tangu kuzaliwa mpaka kifo cha mume wake, na chumvi ameisahau juu ya meza. Waliosimuliwa zaidi ya mara moja walisema yule mume kila mara hufa vizuri zaidi.

Ufundi huo aliupata Ulyankulu, Tanzania, alikofikishwa akiwa mtoto mwaka 1972, pamoja na Warundi wengine wengi waliokimbia kuuawa. Huko alikulia, akaolewa, akazaa, akafiwa. Na huko ndiko alikojifunza kwamba maisha ya mkimbizi ni bidhaa yenye wateja. Walikuja watu wa misaada, wakaja masista, wakaja vijana wa vyuo vikuu vya Ulaya wenye kinasa sauti begani na tumbo la kuhara. Wote walitaka jambo moja: aseme alivyoteseka. Gaudensia hakuwa mchoyo. Masista aliwapa Bikira Maria aliyewaongoza porini. Watu wa misaada aliwapa simba. Vijana wa Ulaya aliwapa ukoloni, maana aligundua kuwa wakilisikia neno hilo tu wanaandika mbiombio na chai yao inapoa. "Mbelgiji alitupokonya roho," aliwaambia kwa sauti ya msibani, ilhali Mbelgiji mwenyewe hajamwona hata unyayo. Alipofungasha virago Mbelgiji, Gaudensia alikuwa bado ananyonya.

Amani ilipotulia, mwaka 2008, akarudi. Alirudi na mwanawe Moses, wakafikia Gashoho kwa ndugu wa marehemu mume wake. Shemeji aliwapokea kwa machozi, akawapa chumba, kisha akaanza kukiangalia chumba kile kama mtu aliyebanwa anavyouangalia mlango wa choo chenye mtu ndani. Moses alisoma alama za nyakati mapema, akaenda zake Mutaho kubeba abiria kwa baiskeli. Huko akaoa binti aitwaye Anisia, wakapanga kijumba ambacho mmoja akipika mwingine hana budi kutoka nje. Gaudensia akabaki. Siku moja shemeji akakohoa, akasema kijana wake anaoa baada ya mavuno ya maharage, na bibi harusi hawezi kulala kwenye mti.

"Alisema hivyo?" aliuliza Ghislaine, mfanyabiashara wa vitenge aliyepanga meza yake jirani na ya Gaudensia. Alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, na vita havikumpunguzia sauti.

"Alisema hivyo."

"Mama Moses, we uko na baba ama ulizaliwa na hii chumvi?"

"Baba yangu alikuwa mtu wa Ryansoro, kule Gitega. Longino."

"Na shamba?"

"Lilikuwepo."

"Lilikuwepo, lilikuwepo! Alors, ilienda wapi? Ilipanda gari? Shamba haikimbie, Mama Moses. Ni sisi ndo tunakimbiaka. Mi kwetu bado kuko vita. Kwenu kuko amani na we unakaa hapa kuhesabu dagaa. Enda!"

Gaudensia aliogopa, na si uwongo. Wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo, nao ni watu wasiokuwa na huruma. Lakini kurudi Tanzania kulikuwa hakuna, kukaa kwa shemeji kulikuwa hakuna, na kwa Moses hakukuwa na mahali hata pa kunyoosha mguu. Ama shamba la Longino, ama barabara. Akafunga meza, akapanda gari mpaka Gitega, akanunua dumu la pombe ya ndizi kwa sababu mkono mtupu haulambwi, akamalizia njia nyuma ya baiskeli huku dumu likimpiga mgongoni.

Ryansoro aliikumbuka kwa miguu zaidi kuliko kwa kichwa. Mteremko ulipofika, magoti yalijua. Alama za kumbukumbu hazikuwa nyingi: kijito cha chini, mibuni, na jirani wa ng'ambo ya ua aliyeitwa Nazario, ambaye baba yake hakuwa akimsalimia. Kijito kilikuwepo. Mibuni ilikuwepo. Ua haukuwepo. Kuanzia kijitoni mpaka njiani lilikuwa shamba moja, la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Adriano, mwana wa Nazario.

Adriano alimkalisha, akamletea maharage na ndizi, akamuuliza habari za safari. Kisha akasema kwa upole, "Mama, huyo Longino mi simjui. Hapa pote iko pa baba yangu. Ongeza maharage."

Mwizi mwenye matusi unaweza kumzomea. Huyu alikupakulia. Gaudensia alikula maharage yale, yaliyolimwa katika udongo wa baba yake. Hasira ilimshika hadi masikio yakapata moto. Na aliokuwa akiwategemea kama mashahidi hawakuwepo: waliokuwa watu wazima mwaka ule wa 1972, wengi waliishia mwaka ule ule, na waliobaki walikuwa wamezoea pombe ya Adriano.

Shauri likapelekwa kwa wapatanishi wa kilima, maana Burundi kijiji ni kilima. Wakakaa Jumapili baada ya misa, kwenye ukuta wa shule ambako kuna kivuli, wazee wenye fimbo zao za hukumu, na katikati yao mama mmoja aitwaye Ursula. Ursula alikuwa amepikia misheni ujana wake wote, na aliendesha kikao kama anavyopakua chakula: kila mtu chake, na asiyeridhika aondoke. Dumu likawekwa wazi ili haki ilione.

Gaudensia akasimama kusimulia. Alitoa kila kitu. Akamtoa Bikira Maria, akamtoa simba, akautoa mto Malagarasi ukiwa umefurika, akamtoa baba yake akikata roho na jina la Ryansoro mdomoni. Huko Ulyankulu mahali hapo ndipo wazungu walipokuwa wakitoa vitambaa. Hapa mzee mmoja alikuwa akikoroma.

"Mama," alisema Ursula, "huyo simba wako tunamfahamu. Kila aliyerudi amekuja naye. Kama angekula wote hao tunaoambiwa, angekufa kwa kuvimbiwa. Tuambie habari za shamba."

Watu wakacheka. Gaudensia akakaa chini. Alimwona Adriano akitazama mikono yake kwa adabu. Akaliona dumu. Akaiona njia ya kurudi Gashoho, na shemeji mlangoni. Ndipo akaanza upya, kwa sauti ya kawaida, kisa ambacho hakuwahi kukiuza popote kwa sababu hakikumliza mtu.

Mzungu wa kilimo, alisema, alikuja zamani na kamba. Kila kaya ipande kahawa, ndiyo amri, na kahawa ikae kwenye mstari. Mzungu yule alipenda mstari kuliko alivyompenda Mungu. Mpaka kati ya Longino na Nazario, walioachiwa na babu zao, ulipinda kufuata ua wa minyaa, ukipita hapa kwa sababu ya jiwe, pale kwa sababu ya kaburi. Kamba haikujua kaburi. Ilinyooka, ikaruka ua, ikaingia kwa Nazario, na Longino akaamriwa kupanda miche yake kufuata kamba. Alipojaribu kueleza alichapwa kiboko. Nazario alipojaribu kumweleza mzungu kwamba Longino anasema kweli, naye akachapwa, ili akumbuke. Basi kahawa ya Longino ikaota kwenye shamba la Nazario. Kuing'oa ni kiboko. Kuichuma, aichume nani? Mwenye mche au mwenye udongo? Mbelgiji alikwenda zake, serikali mpya ikaingia kwa bendera na ngoma, na amri ya kwanza waliyoisikia pale kilimani ilikuwa: using'olewe mbuni hata mmoja.

"Wakagombana maisha," alisema Gaudensia. "Lakini kupigana waliogopa, kwa sababu kiboko kilikuwa kimeshawafundisha kwamba serikali haiulizi nani alianza. Baba akanunua mbwa, akampa jina la Mchumaji. Jioni anasimama uani anamwita: Mchumaji, mwizi we, njoo ule!"

Mzee aliyekuwa akikoroma aliamka ili acheke. Hata Adriano alitabasamu, kisha akajirudi.

"Hadithi tamu," alisema. "Lakini kahawa ya kamba iko kila kilima. Hata mtoto wa Mutaho anaweza kukusimulia hivyo."

Ilikuwa kweli, na Gaudensia alijua ni kweli.

Ursula alikuwa akimtazama kwa namna ya mpishi anayenusa chungu. "Gaudensia ni jina la kupewa na padri," alisema. "Baba yako alikuita nani?"

Miaka yote ile ya vinasa sauti, hakuna aliyemuuliza hilo. Warundi hawagawiwi jina la ukoo kama sahani za seti moja. Kila mtoto hupewa lake na mzazi, na mara nyingi mtoto hana habari nalo: mzazi anasema na Mungu, anasema na kifo, au anasema na jirani aliye ng'ambo ya ua. Mtoto ni barua tu. Jina la Gaudensia lilibaki mpakani. Mwandishi wa Tanzania aliuliza, "Gaudensia nani?" baba akajibu, "Gaudensia Longino," basi likaisha. Wala yeye hakulililia, kwa kuwa mwanamke mwenye mdomo kama wake, akijulikana kwa jina lile, asingeishi kwa amani sokoni.

"Bavugamenshi," alisema kwa aibu.

Wanasema mengi.

Kikao kizima kiligeuza shingo kumtazama Adriano. Kwa sababu Adriano, mwana wa Nazario, alizaliwa baada ya Gaudensia, na kilima kizima kilimjua kwa jina alilopewa na baba yake: Ntibayazi. Hawayajui. Tangu utoto wake watu walikuwa wakijiuliza ni akina nani hao wasiojua, na wasiojua nini. Sasa ikawa kama mtu amefungua dirisha. Wanasema mengi. Hawayajui!

"Jibu bila swali limetoka wapi?" aliuliza Ursula.

"Kina Bavugamenshi wamejaa Burundi nzima," alisema Adriano, lakini jasho lilikuwa limemtoka.

"Sawa. Mama, kwa kuzaliwa ulifuatwa na nani?"

Lilikuwa swali dogo. Gaudensia alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtoto wa kubebwa, aliyemfia mgongoni njiani kabla hawajauona mto. Waliomzika walikuwa na haraka. Huyo hakumuuza kwa mtu yeyote. Masista hawakumpata, vijana wa Ulaya hawakumpata, hata Moses hakujua kwamba aliwahi kuwa na mjomba. Alimpenda kuliko watu wote aliowapenda baadaye, na jina lake hakuwahi kulitamka tena.

"Bazombanza," alisema.

Wataanza na mimi. Longino alikuwa amemrushia Nazario neno hilo kwa ubishi tu, kama mwanaume anayekunja mikono ya shati: njooni, anzeni na mimi. Na mwaka ule ulipokuja, waliokuja kuua hawakuwa Nazario, ila walianza kweli na nyumba ile. Hakuna aliyecheka. Gaudensia alilia, na kilio chenyewe kilikuwa kibaya, cha makamasi, kisicho na ufundi wowote.

"Ntibayazi," alisema Ursula, akimwita Adriano kwa jina lake, "na baba yako akajibu nini?"

Adriano angeweza kunyamaza. Dada yake aliolewa mbali, na wengi pale walimjua kwa jina la ubatizo tu. Alivua kofia, akaipapasa.

"Baragiye," alisema. "Wamekwenda. Alizaliwa mwaka ule ule. Baba alitoka uani kulitaja, akakuta upande wa pili hakuna mtu." Aliikunja kofia. "Ile kahawa ya kamba hakuichuma mpaka anakufa. Ilianguka, ikaoza. Mi nikamuuliza, akasema kuna neno hajalimaliza na mwenyewe."

Fimbo za wazee zikagonga ardhi. Mpaka ukarudi ulikokuwa, umepinda kama mababu walivyoupinda, jiwe kwa jiwe na kaburi kwa kaburi, na Gaudensia akapewa upande wa kijitoni. Ile mibuni ya kamba ikawashinda. Wazee waliijadili mpaka dumu likaisha, wakaamua kwamba hata haki nayo huchoka, wakaenda kulala.

Gaudensia alijenga. Moses akaacha baiskeli Mutaho akamleta Anisia, mimba imemkaa mbele kama mzigo wa ngoma. Ghislaine alituma kitenge na ujumbe: "Mwambieni, shamba haikukimbia." Ua wa minyaa ukapandwa upya, na juu ya ua huo Gaudensia na Adriano wakaanza kazi ya kutosalimiana. Msimu wa kuchuma ulipofika kila mmoja alituma mtu wake kwenye mibuni ya kamba, wakafokeana hadi mchana.

Kisha binti wa Adriano akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina, Gaudensia alikuwa akipalilia, amewapa mgongo kwa makusudi. Adriano alimbeba mjukuu wake mpaka uani kabisa, mahali ambapo shughuli haikumhitaji kufika, akapaza sauti kama anayemwita mbwa.

"Baragarutse!"

Wamerudi.

Gaudensia aliangusha jembe. Alitaka kutukana, machozi yakamtangulia, na kabla hayajafika kidevuni alikuwa anacheka. Alipanda mteremko mbio, akaingia ndani, akamkuta Anisia amelala ubavu anahema.

"Amka utembee, mwanangu," alisema. "Jitahidi. Zamu ya kujibu ni yetu."